Sauti Ile Haikuwa Yako, Mama

Ghislaine Ferrandier, mwigizaji wa sauti na mwandishi wa maneno ya filamu

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe 11 Machi ulipotutoka hapa Montreuil. Tulikusudia kukuandikia maneno ya upole, kama ulivyokuwa mwenyewe. Tumeshindwa. Tuna hasira, na wewe ndiye wa kwanza kustahili kuambiwa sababu.

Kwa miaka arobaini uliwatia waigizaji wa filamu za kigeni Kifaransa kinywani. Uliandika maneno yao nyumbani, kisha ukasimama studio ukayasema. Mezani hukututazama machoni, ulitazama midomo. Mdomo wa Mmarekani ukifumba, ulituambia, lazima na neno letu lifumbe. Uliweza kuzunguka jikoni asubuhi nzima ukitafuta neno moja tu, supu inaungua, na Baba anafungua madirisha. Wajukuu walivunjika mbavu siku walipojua kwamba sauti za mabusu yote yale ya sinema ulizitoa kwa kujibusu mkono.

Miaka kumi na saba ulikuwa sauti ya yule jaji wa tamthilia ya Jumanne. Sura yako hakuna aliyeijua, lakini ukifungua mdomo buchani foleni yote iligeuka.

"Mheshimiwa jaji," Bwana Le Goadec, muuza nyama, alikuwa akikuuliza, kisu mkononi, "leo unanifunga miaka mingapi?"

"Itategemea umenifichia mafuta kiasi gani, bwana wewe."

Koo lako lilipougua, mkuu wa studio, Bwana Coussonnet, alikuja nyumbani na maua. "Pona kwanza, Ghislaine," alisema, Baba akiwa palepale. "Nafasi yako hakuna wa kuigusa."

Wiki sita baadaye jaji alifungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanamke mwingine. Hakuna aliyekupigia simu. Hata mstari mmoja hawakukuandikia. Ulizima sauti ya televisheni ukatazama kipindi kimya hadi mwisho, kisha ukatuandikia kwenye karatasi, maana kusema ulikuwa huwezi tena: "Binti anajitahidi. Msimchukie." Hatukumchukia. Waliokudanganya ndio tusiowasamehe, na hatuoni aibu kulisema.

Mwezi uliopita studio hiyohiyo ikakuandalia hafla ya heshima. Tulikwenda kwa sababu ya Baba. Tangu uondoke hajathubutu kufungulia vipindi vyako vya tamthilia ile nyumbani peke yake, lakini alitamani kukusikia mara moja tu, katika ukumbi mkubwa, kati ya watu wa kazi yako. Alipiga pasi suti yake mara mbili.

Bwana Coussonnet alisifu sauti ambayo Ufaransa nzima, alisema, ingeitambua hata usingizini. Taa zikazimwa, jaji akasoma hukumu yake. Watu wakafuta machozi, wakapiga makofi. Baba akainamisha kichwa. Walikuwa wameonyesha kipindi cha baada ya kukuondoa, na wote wale, waliofanya kazi na wewe miaka na miaka, hawakutofautisha.

Ndipo mwanamke mmoja aliposimama safu ya nyuma.

"Samahani. Hiyo si sauti yake. Ni yangu mimi."

"Bérengère, kaa basi," Bwana Coussonnet akamwambia. "Tutaongea baadaye."

"Sikai. Uliniambia amestaafu kwa hiari yake. Uliniambia yeye ndiye aliyenichagua."

Binti yako Clotilde aliiacha juu ya kiti ile picha yako ya fremu waliyotuzawadia, akamshika Baba mkono tukatoka. Tulipoingia garini Baba alisema tu: "Hata leo wamempa mwingine nafasi yake." Kabla hatujaondoka, Bérengère Talmont alitufuata hadi barabarani akilia, akaomba ruhusa ya kuweka jina lake kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. Baba akamjibu, "Njoo Jumapili, mwanangu, ule na sisi. Jina tutaliweka."

Unakumbukwa na mume wako Armand, binti yako Clotilde na mumewe Youri, mwanao Bastien, wajukuu zako Lison na Anatole, dada yako Odile wa Nantes, na Bérengère.

Studio nayo iliomba jina lake liwemo hapa. Tumekataa.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Sauti yako sisi tunaijua.