Kibuyu Chenye Uzi wa Buluu

Ijumaa, 2 Agosti 1996

Mimi, Priscah wa Bomet, kwenye hoteli ya wakubwa mjini Kericho! Jumba la mawe, zamani klabu ya wazungu. Vyumba vinane tu, na ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga. Zawadi ya Johana — miaka ishirini ya ndoa. Nilitaka tukae wote. Akasema kesho ana wageni wa kanisa, nipumzike, nimechuma chai vya kutosha. Wageni hao nimewaachia vibuyu viwili vya maziwa yetu ya mursik, kimoja kile nilichoshona ufa kwa uzi wa buluu wa sweta ya shule. Mungu ampe maisha marefu mume wangu.

Cheptoo, msichana wa kusafisha vyumba, amenionyesha bafu. Unaingia mzima mzima kama ng'ombe kwenye dipu! Kesho hayuko. Ana koito ya binamu yake kule Kapsoit, wazee wanapatana mahari.

Jumamosi, 3 Agosti

Mvua. Chai kitandani. Nimeoga mara mbili. Namkumbuka Johana — mama mzima, naona haya kuandika.

Jumapili, 4 Agosti

Cheptoo amerudi. Alikuwa akitandika huku akinipa habari za koito. Binamu yake Nelvine ameposwa na mzee wa kanisa. Kwa desturi maziwa hutoka kwa kina binti, lakini huyu alikuja na mursik yake, kuonyesha kwake hakuna njaa. Nikacheka. Nikauliza vibuyu vilikuwaje. Akasema kimoja kilikuwa na ufa, umeshonwa na uzi ya blue, kama ya sweta.

Nikakaa kitandani.

"Wamama walimuuliza nani ametengeneza maziwa tamu hivi," Cheptoo akasema. "Akasema ni dada yake."

Dada! Vibuyu hivyo nilivisugua kwa mkaa, mikono yangu hii. Nimemwandalia mume wangu posa, kisha nikamshukuru kwa bafu. Amenisaliti, na mimi nimemwombea maisha marefu. Sala hiyo iko hapo juu, sitaifuta.

Saa tisa. Simu ya chumba. Wa mapokezi anasema Bwana Johana amekuja kunichukua. Nimemwambia amwambie kwamba dada yake bado anaoga.

Sasa ngazi zinalia. Nimefunga mlango kwa ufunguo, nimefungulia maji, ya moto na ya baridi. Anagonga polepole. Anauliza, dada gani?

Nimeongeza maji ya moto. Bafu halijajaa.