Galoni Moja na Robo

Temeke, Jumapili, 11 Juni 1944

Asubuhi ya baridi. Upepo wa kusi, hakuna mvua. Nyumba imejaa watu wa matanga, nami nimekuja kukaa ndani ya motokaa, kiti cha nyuma, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kunipa pole.

Mdogo wangu Salehe tulimzika jana.

Nimeandika “tulimzika” kwa mazoea. Mimi sikuwapo.

Machozi hayaji. Nimeoga, nimekunywa uji, nimepokea mikono ya watu wasiopungua mia. Kila kitu kiko mbali kidogo, kama kinatendeka upande wa pili wa kioo. Kwa hiyo nitaandika mambo kwa mpangilio, kama ninavyoandika siku zote. Huenda yakiwa kwenye mstari nitayaelewa.

Jumatano Salehe alimwomba mama. Homa ya mapafu ilikuwa imemshika siku ya tisa, na mganga wa hospitali alikuwa ameacha kutuambia kwamba atapona. Mama alikuwa Morogoro, amekwenda kumuuguza mama mdogo aliyevunjika mguu. Garimoshi la kutoka huko lilikuwa halipiti mpaka Jumatatu. Motokaa ipo. Ni hii ya marehemu baba, aliyeinunua kuukuu kwa Mgiriki wa shamba la mkonge, nasi tukaachiwa mimi na Salehe.

Tatizo lilikuwa petroli. Tangu vita vianze hupati tone bila kuponi. Kuponi zetu zote, pamoja na zile alizonipa jirani, zilitoa galoni kumi. Kwenda na kurudi ni maili mia mbili na arobaini, na motokaa hii hula galoni moja kwa maili ishirini. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne: zinatakiwa galoni kumi na mbili. Ikizima porini karibu na Ruvu, hakuna wa kukupa mafuta, na mama yangu ni mtu mzima.

Alhamisi nzima nilifanya kazi. Nilisafisha plagi kwa msasa. Nilijaza upepo matairi mpaka yakawa magumu kama jiwe. Niliinua kila gurudumu kwa jeki nikalizungusha kwa mkono, nikakuta la nyuma kushoto limeshikwa na breki, nikalilegeza. Nilishusha kereya ya juu ya kubebea mizigo, nikatoa kiti cha mbele cha abiria na sanduku la vyuma. Kabureta niliikaza ivute mafuta kidogo. Mwisho nilichonga ufito wa kupimia tangi, nikaukata alama, moja kwa kila galoni.

Naona aibu kuandika hili, lakini siku ile nilifurahi. Mdogo wangu alikuwa anakufa chumba cha pili, nami nilikuwa chini ya gari nikipiga mluzi.

Ijumaa alfajiri niliingia kumuaga. Alikuwa amekwisha, macho tu ndiyo yaliyobaki yake. Salehe ndiye aliyekuwa dereva kati yetu. Mimi alizoea kunicheka mbele za watu, anasema ukipanda gari na kaka Hamisi chukua na ushonaji, utamaliza kanzu kabla hamjafika. Alinishika kidole.

“Kaka,” alisema, “usiende ukahesabu mawe ya njiani. Kanyaga.”

Nikamwambia nitakanyaga.

Nilikwenda kwa maili ishirini na tano kwa saa. Kwenye miteremko niliweka gia huru, na pale penye mteremko mrefu nilizima injini kabisa, gari likawa linashuka kimya, upepo tu masikioni. Sikushika breki ila nilipolazimika. Nilipofika Morogoro nilichovya ufito. Nilikuwa nimetumia galoni nne na robo tatu.

Zilibaki tano na robo. Nilihitaji nne na robo tatu kurudi. Nusu galoni ya ziada.

Mtu mwingine angetosheka hapo.

Tulilala huko, maana mama hakupata wa kumwachia mgonjwa mpaka asubuhi. Jana mama mdogo, kwa mguu wake uliofungwa mbao, alisimamia kupakia gari. Kwao gari haliondoki tupu. Gunia la mchele, mikungu miwili ya ndizi, kuku watatu. Nikavishusha vyote. Alinitazama kama nimemtukana. “Mwanangu, hata kuku?” Hata kuku, mama mdogo. Alichokataa mama kushusha ni kikapu cha machungwa, kwa kuwa Salehe tangu utoto akiugua hali kitu ila machungwa. Akakipakata.

Tuliondoka saa tatu na nusu. Nilijiambia kwamba sasa kuna uzito wa mama na uzito wa kikapu, na kwamba nusu galoni ni kidogo sana kumwekea dhamana mzazi. Nikashusha mwendo mpaka maili ishirini. Kuna mwendesha baiskeli alitupita nje ya Ngerengere, akatuamkia.

Halafu injini ikaanza kuchemka. Ni ile kabureta. Ukiinyima mafuta sana, moto unazidi. Nilijua dawa yake: kuilegeza kidogo kwa bisibisi, kazi ya dakika mbili. Lakini kuilegeza ni kula mafuta. Badala yake nilisimamisha gari mara mbili, nusu saa kila mara, tukangoja ipoe. Mama alikaa kivulini na kikapu chake, anavuta tasbihi.

Tulipokaribia Ruvu aliniuliza, “Hamisi baba, haliwezi kwenda zaidi ya hapa?”

“Mafuta hayatatosha, mama.”

Kisha akaniambia nisimame. Kulikuwa na wanawake wanatoka shamba na mizigo ya kuni. Mama akawaita, akawagawia machungwa yote, mmoja mmoja, mpaka kikapu nacho akawapa. Akabaki na moja, akalifunga kwenye pindo la kanga.

“Haya,” akasema. “Sasa limekuwa jepesi. Twende.”

Nami nikaendelea na maili ishirini zilezile.

Tulifika hapa saa kumi na nusu. Niliona wanaume wanarudi kwa makundi kutoka upande wa makaburini, udongo kwenye kanzu zao, na baba mkubwa mbele. Salehe alikata roho jana asubuhi, muda uleule tulipokuwa tukishusha kuku. Adhuhuri walikuwa wameshamkafini. Baba mkubwa aliomba wangoje mpaka alasiri, ili mama aje amfunue uso kabla hajatolewa, maana maiti akishatolewa nyumbani, mwanamke hamfuati makaburini. Waliswali alasiri. Walingoja kidogo tena baada ya hapo, mtu amesimamishwa barabarani kuangalia vumbi. Kisha wakamchukua.

“Tumewangoja sana, shemeji,” baba mkubwa alimwambia mama. “Tusingeweza zaidi.”

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza mimi tu, “Mafuta yametosha?”

“Yametosha, mama.”

Akaingia ndani.

Kwa mwendo wa Ijumaa, bila kusimama kupoza injini, tungefika saa nane u nusu. Nimeipiga hesabu hiyo mara nne, na kila mara inatoka saa nane u nusu.

Leo baada ya uji nilifungua tangi nikachovya ufito. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Galoni moja na robo imebaki. Tulirudi kwa galoni nne, maili thelathini kwa galoni moja. Salehe mwenyewe hakuwahi kuipata hesabu hiyo kwa motokaa hii, wala baba, wala nadhani yule Mgiriki.

Nimekaa nayo hapa. Si fahari, si huzuni. Ni tarakimu.

Dirishani namwona mama kati ya wanawake, kanga yake ileile ya jana imemfunika mpaka mabegani. Pindo bado limefungwa fundo. Kila anayekuja anamwambia Hamisi amejitahidi sana, Mungu amlipe, kufika na mafuta kidogo namna ile. Naye anaitikia kwa kichwa. Anaamini kwamba haikuwezekana vinginevyo.

Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Pengine ndiyo huruma. Pengine ni mimi tu ninayejihurumia.

Petroli hukauka upesi mno kwenye mti. Ukigeuka kidogo, ufito ni mkavu na hakuna anayejua ulilowa mpaka wapi. Kwa hiyo nimekata alama kwa kisu mahali palipolowa, kabla hapajakauka. Ufito uko hapa kando yangu. Kesho kutwa, khitima ikisomwa na watu wakitawanyika, nitampelekea mama aushike mkononi mwake, na nitamwambia pia neno alilonipa Salehe nilipomuaga.