Imekataa Kidogo

Kimulot,
Jumapili alasiri

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiomba barua hii ikukute umeketi, si umeinama kwenye shamba la mihogo. Hujambo? Nauliza kwa dhati, kwa sababu wiki iliyopita kwenye simu ulisema miguu imevimba kidogo, na kabla sijafungua mdomo ukaniuliza kama nimekula. Mimi ni mzima. Baridi ya huku bado inanitafuna masikio, na mvua ya mchana haikosi. Najua tayari umeshika ile kalamu nyekundu, maana mwalimu wa Kiswahili hastaafu hata akistaafu. Sahihisha, lakini usome hadi mwisho.

Kazi ya kompyuta hapa kiwandani inaendelea. Nilipoajiriwa nilidhani kazi yangu ni kutengeneza mashine, kumbe kazi ni kuuliza maswali. Watu wa huku ni waungwana kupita kiasi, na ugonjwa wa kila mashine una jina moja tu: imekataa. Printa imekataa. Mtandao umekataa. Ukiuliza inaonyesha nini, unajibiwa, "Inaonyesha tu vile huonyeshanga." Kuna siku napandwa na hasira. Siku nyingine nakaa nikijiuliza mtu huwa ana nini moyoni anaposema hivyo.

Jumanne alinipigia Chelang'at, karani wa kituo ambapo wakulima huleta majani yao ya chai kupimwa. Aliniuliza habari za nyumbani, za kazi, hata za ng'ombe, nami sina ng'ombe. Mwisho kabisa akasema, "Na hii mashine ya kupima imekataa kidogo. Ukipata nafasi tu."

"Imekataa aje?"

"Imekataa tu. Kuja utaona."

Ningeweza kungoja hadi kesho yake, lakini udadisi ulinishinda. Nikamwomba dereva wa lori la majani anibebe.

Nilikuta wakulima wamejaa kibandani na magunia yamefika barabarani. Hakuna hata kilo moja iliyokuwa imepimwa tangu asubuhi. Majani mabichi yakikaa sana kwenye gunia hupata joto na kuwa mekundu, na kiwanda huyarudisha. Mzee mmoja alikuwa ameingiza mkono ndani ya gunia lake akipapasa kimya, kama mzazi anayempima mtoto homa.

Chelang'at alinipokea na kikombe. "Kunywa chai kwanza."

"Mashine iko wapi?"

"Iko tu. Kunywa kwanza."

Nikanywa mbiombio hadi nikaungua ulimi. Ndipo nikaanza kuuliza. Ilizimika lini? Jana jioni. Kulikuwa na nini? Mvua. Ilinyeshewa? "Kidogo." Ilianguka kwenye maji? Akatazama viatu vyake. Ilianguka kwenye mtaro. Ukaifanyia nini? Alifunua mkebe mkubwa wa majani makavu ya chai, akachimba kwa vidole, akaitoa ile mashine ndogo ya mkononi inayosoma kilo kutoka kwenye mizani.

Mama, alikuwa ameizika humo usiku kucha! Huku kila mtu anajua chai kavu hunyonya unyevu, na kusema kweli maji yalikuwa yamekwisha. Ila vumbi la chai lilikuwa limejaa kwenye tundu la chaji likagandamana. Nilichokoa kwa kijiti cha meno, nikapuliza, nikachokoa tena. Tulipoichomeka ikawaka, na watu wakapiga makofi. Gunia la yule mzee ndilo lililopimwa kwanza.

Nikamuuliza, "Chelang'at, mbona hukuniambia imekufa kabisa, na watu wamekwama hivi?"

Alinishangaa. "Sasa wewe uko mbali. Nikikwambia yote kwa simu si utashtuka bure? Mtu wa mbali unamwambia kidogo. Akifika ataona mwenyewe."

Nilirudi kwenye lori. Maneno yalikuwa ya Chelang'at, lakini niliyemsikia ni wewe. Mama, nimeogopa.

Basi nakuuliza kama ninavyowauliza wao. Ni mguu mmoja au yote miwili? Ilianza kuvimba lini? Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki? Ukilala chali pumzi inatosha, au unaegemea mito? Ukitoka kisimani na maji, unapumzika njiani? Darasani kwako aliyejibu kwa neno moja alisimama hadi atoe sentensi kamili. Nami nataka sentensi kamili, na neno "kidogo" lisiwemo hata mara moja.

Msalimie shemeji Akoth, mke wa kaka. Mwambie sasa naelewa kwa nini nikipiga simu mchana husema umelala, wewe ambaye hukuwahi kulala mchana. Msalimie pia mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akuombee, ndiyo, lakini akusindikize hospitalini pia. Anayekuletea barua hii ni mjomba Odhiambo, anayeshuka kesho kutoka mashamba ya chai. Mpe chakula, na usimtume arudi kuniambia uko salama tu.

Majibu usiyaandike. Nimeomba ruhusa, nimepewa, nayafuata mwenyewe. Ijumaa nitakuwa mlangoni, na chai sitakunywa kwanza. Utatembea kutoka mlangoni hadi kisimani, polepole tu, nami nitakuwa kando yako nikitazama.

Ni mimi mwanao wa maswali mengi,
Owino