Mpira wa Kijani, Mpira wa Buluu

Mzee wangu Ramadhani,

Leo nimefunga boneti ya gari la Mwalimu Nansubuga, nikaja kukaa kwenye kiti chako nikuandikie. Ndiyo, kiti chako. Binti yako Zubeda ndiye aliyenipa, akasema garage si makumbusho. Kwa hiyo usinikasirikie mimi.

Ni miezi minne sasa tangu tukuzike Bombo. Mwanzoni wateja walikuja hapa Bugolobi kutoa pole, wakachungulia ndani, wakaniona mimi tu, mwanamke wa Kisumu ndani ya ovaroli yako iliyokunjwa miguu, wakarudi walikotoka. Nilisikia wakisema mzee ameondoka na mikono yake. Iliniuma sana, maana mikono hiyo ilinifundisha miaka tisa.

Unalikumbuka gari la Mwalimu, lile jeupe la viti saba? Ndilo gari la mwisho ulilotengeneza. Limerudi likitoa moshi wa buluu na kumaliza oili, na likisimama injini inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Mafundi wa kule Ntinda walimwambia injini imekufa, anunue nyingine. Alipofika kwangu alikuwa karibu kulia.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nikawasha injini, nikafungua pale pa kumiminia oili, nikapawekea karatasi. Kwenye injini nzima karatasi hushikwa kidogo tu. Hii ilinyonywa mpaka ikachanika. Nikajua hakuna kilichokufa, ni hewa iliyopotea njia.

"Engine napumua kama muntu," ulikuwa unaniambia. "Naingilia huku, natokea huku. Wewe usichanganye."

Moshi unaojaa tumboni mwa injini hutoka kwa mpira wenye valvu, ukaenda kwenye manifoldi, pale injini inapovutia hewa, kuchomwa tena, na valvu ndiyo inayopima uvutwe kiasi gani. Mpira wa pili huleta hewa safi kutoka kwenye bomba la chujio. Hapa mipira ilikuwa imebadilishana mahali. Ule usio na valvu ulichomekwa kwenye manifoldi, basi injini ikawa inajinyonya yenyewe bila kipimo, na oili inafuata.

Kisha nikaona vitambaa.

Mafundi wengi wa mji huu hung'oa mipira kumi wakategemea kichwa kuirudisha. Wewe ulikata nguo kuukuu za Zubeda, ukafunga rangi moja kwenye mpira na rangi hiyohiyo pale unapochomekwa. Hapa mpira wa kijani ulikuwa kwenye buluu, na wa buluu kwenye kijani, na mafundo yote ni yako, yale ya kuficha ncha. Nilisimama nimeshika fundo, Mzee, nikalia mbele ya mteja.

Maana nilijua macho yako yalikuwa yanafifia. Mwaka wako wa mwisho nilikuwa nakupa spana kabla hujanyoosha mkono, ili watu wasione unavyopapasa. Na sheria ya garage uliiweka mwenyewe: aliyechomeka mipira hafungi boneti mpaka mwingine akague. Siku ya gari hili ulimaliza, ukanisogelea, ukanisubiri. Ningewezaje kukukagua wewe? Nikafunga boneti. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga, na wewe ulistahili zaidi ya hapo.

Mwalimu akaniuliza nani amefanya hivi, kisha akanipa na jibu: si ni wale wa Ntinda? Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Jina lako lingebaki safi, na mimi ningeonekana fundi hodari kuliko wote. Nikamwambia hapana, ni sisi, humu humu ndani, na mimi ndiye niliyepaswa kukagua nikaacha. Nikairudisha mipira mahali pake. Nikaweka karatasi nyingine, ikashikwa kidogo, injini ikatulia.

Akainama akaiangalia mipira. Nilingoja achukue ufunguo aende zake na asirudi tena, na habari ifike Ntinda kabla yake. Akaniita kwa heshima ya kwao, kama mama, akasema, "Nyabo, hata Mzee angeniambia hivyo hivyo." Halafu akaniomba nimwangalizie na breki.

Breki, Mzee! Hakuna anayemwachia breki zake fundi asiyemwamini. Sijui kama inafaa mtu kujivuna siku aliyotangaza kosa la nyumba yake, lakini nimejivuna mpaka nimeshindwa kula. Najivunia kwamba umenifundisha injini, na najivunia zaidi kwamba uliniwekea mdomo usioweza kusema uongo juu ya injini. Mipira miwili haiwezi kukupunguza.

Pumzika huko Bombo. Zubeda anakuombea kila Ijumaa, na mimi Jumapili nakutaja kanisani kwetu, kimya kimya, ili mchungaji asiniulize maswali. Jina la garage litabaki lako.

Nami nakuahidi hili. Siku macho yangu yakianza kuchoka nitasema mapema, kwa sauti, mbele ya wote. Sitamwacha mtu anayenipenda ajifanye haoni.

Mwanafunzi wako,
Atieno