Unga Mweupe Kwenye Makopo ya Maua

Shangazi Zita wa gazetini,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko rika moja basi nisamehe, hujambo na u mzima? Mafua ya baridi hii hayajakufikia? Sisi huku Gendabi Mungu anatushika, ila upepo wa mlimani mwaka huu unakata masikio, na mimi moyo haujatulia ndiyo maana nimechukua kalamu, nakuomba unisaidie maana nimechanganyikiwa.

Mimi ni mama wa makamo, nimeishia la saba, na mume wangu Evarist tunalima na tuna ng'ombe wachache, na tangu tumalize nyumba hii ya bati na saruji yenye madirisha ya vioo, binti yetu Irene anayefanya kazi Haydom alikuja likizo akasema mama sebule yako inafanana na ghala, aliporudi akanitumia vipande vya maua kwa basi, amevifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, lile linalotambaa lenye majani kama moyo, lile la majani marefu yanayosimama wima kama panga, na moja la maua mekundu ambalo jina lake silijui. Nikayapanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, nikaziba kila tundu vizuri maji yasichafue saruji, na yakashika Shangazi, yakashika kweli, watu wakitoka misa wanapitia kwangu kuyaangalia.

Mimi nimekulia nyumba za zamani, zile ambazo ndama tunalala nao ndani, sijui kulea kitu kwa namna nyingine, basi nikayalea hivyohivyo, asubuhi maji, jioni maji, baridi ilipoanza nikawa nayahamishia jikoni karibu na mafiga yapate joto, na nilipoona majani yameanza kulegea nikafanya kama tunavyomfanyia ng'ombe aliyedhoofu, nikachukua magadi ya ziwani Balangida, haya haya wanayolamba ng'ombe wetu, nikayeyusha kidogo kwenye maji ya kuyanywesha, na yalipozidi kulegea nikazidisha, yaani hakuna kitu ambacho sikuyafanyia.

Sasa jambo lenyewe. Nina jirani, Mama Gidamis, wao ni wafugaji wa huku bondeni, kanisani hawasali, wanafuata mambo ya wazee wao, lakini ni jirani kweli, Evarist alipolazwa Haydom nami nikakaa naye kule, ni huyu mama aliyekamua ng'ombe wangu na niliporudi sikukuta hata ndama aliyekonda. Kila asubuhi akienda kuteka maji ananipitishia maziwa ya mgando na mimi nampa mahindi au maharage. Siku ya kwanza alipoyaona maua alikaa chini akacheka mpaka machozi, akasema, "Mama Vicent, una mifugo ya ajabu! Haitoi maziwa, haitoi ngozi, na inalala mahali pazuri kuliko mume wako!" Kisha akayashika majani, akayageuza, akasema, "Lakini ni mazuri, yananing'aria machoni." Nikafurahi tu.

Baadaye nikaona juu ya udongo kuna unga mweupe. Nikaufuta kwa kitambaa. Mama Gidamis akaja na maziwa yake, akaondoka, kesho yake unga umerudi, nikaufuta, akaja, ukarudi, na majani sasa yanakauka kuanzia kwenye ncha kama yaliyopitishwa kwenye moto na mengine ya manjano yanadondoka. Nikamwita Imakulata, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aje anishauri, akaugusa ule unga kwa ncha ya kidole, akanusa, akajifuta kwenye kitenge haraka.

"Mama Vicent, hiki kitu si cha Mungu. Nani anaingia humu ndani?"

Nikasema wanaingia wengi.

"Asiyesali ni nani?"

Macho yangu yakaenda kwenye maziwa ya Mama Gidamis.

"Umeshajijibu," akasema. Kwamba hilo ni jicho, na kwamba juu ya jicho kuna kitu kimenyunyizwa, kwamba huyo mama asikanyage tena sebuleni, na mwisho wa mwezi ujao, zamu ya jumuiya kusali kwangu ikifika, tuyatoe maua nje tuyachome tukisali.

Nilimweleza Evarist, akacheka, akasema, "Mwanamke huyo amewashika ng'ombe wangu matiti mimi nikiwa kitandani. Angetaka kuniloga si angeanza na hao? Maua aloge ya nini, yanakamuliwa?" Nikaona ana haki. Nikienda kwenye sala Imakulata ananiangalia, naona naye ana haki. Nikishika rozari nafika katikati najikuta nawaza ule unga, sijui nasali au nahesabu shanga tu.

Juzi Mama Gidamis amekuja na kibuyu chake, nikasimama mlangoni nisimpishe, nikasema leo nina wageni. Ndani hapakuwa na mtu, hata paka. Akaniangalia, akauliza, "Nimekukosea?" Nikasema hapana. Akageuka na maziwa yake yote, na tangu hapo anapita njia ya juu, ile ndefu.

Shangazi, huo unga ni nini, na huyu mama nimfungie mlango au nimfungulie? Majina yetu ukichapa uyabadilishe, watu wa huku wanasoma. Ninakuomba unijibu mapema, kabla jumuiya haijafika kwangu.

Ni mimi,
Mama Vicent, Gendabi, Hanang, kwenye mkoa wetu mpya wa Manyara.

*

Shangazi Zita anajibu:

Milele amina, Mama Vicent. Mimi mzima, mafua yamenipitia yakaondoka. Majina nimeyabadilisha yote, hata hili ninalokuitia si lako.

Unga huo ni magadi. Ni magadi yako, uliyoyaweka kwa mkono wako. Uliyayeyusha, hukuyaona tena, ukadhani yamekwisha. Magadi hayaishi. Maji yanapokauka, yenyewe yanapanda na kubaki juu, meupe, kama yanavyobaki pale ziwani jua likikausha ukingo. Unafuta, unanywesha tena maji ya magadi, yanapanda tena. Na unasema yanarudi baada ya Mama Gidamis kuja? Mama huyo anakuja kila asubuhi! Hata kuku wako wanataga baada ya Mama Gidamis kuja.

Pole lakini, maana najua ulifanya kwa upendo. Tatizo ni kwamba umelea maua kama ndama. Ng'ombe anataka chumvi, ua la kopo chumvi inaliunguza mizizi, ndiyo hizo ncha zilizokauka. Ndama anakunywa asubuhi na jioni, ua ukilifanyia hivyo ndani ya kopo lililozibwa kila tundu, linaoza miguu likiwa limesimama, ndiyo hayo majani ya manjano. Na moshi wa mafiga, mama! Hata wewe ukilala pale utakohoa.

Sasa fanya hivi. Yatoe yote kwenye makopo, udongo ule kaumwage mbali, hata bustani ya mboga usiutie. Mizizi ioshe kwa maji safi, iliyo laini na yenye harufu ikate. Toboa makopo chini kwa msumari, matundu kadhaa, weka vijiwe, na kama unaihurumia saruji yako weka kisahani chini ya kopo, uwe unamwaga maji yanayojaa humo. Udongo chota wa msituni, changanya na mchanga kidogo wa mtoni na mbolea ya zizi ya zamani, ile iliyokwisha kuoza mpaka haina harufu. Ya moto kutoka zizini leo usiithubutu.

Maji usimwagilie kwa saa, mwagilia kwa kidole. Kichomeke kwenye udongo, ukikuta unyevu, acha. Lile la panga linaweza kukaa muda mrefu bila kunywa na lisikulaumu, na wakati huu wa baridi ndiyo kabisa. Yaweke dirishani penye jua la asubuhi, jikoni yasirudi. Vumbi kwenye majani pangusa kwa kitambaa chenye maji. Lile linalotambaa, kata kipande kizima chini kidogo ya kifundo cha jani, kitumbukize kwenye glasi ya maji, kitatoa mizizi. La maua mekundu sina hakika nalo. Likifa, limekufa kwa magadi, usitafute mtu.

Kwa Imakulata usiende na maneno. Chukua kopo tupu, tia udongo safi bila ua lolote, lifungie chumbani kwako, ufunguo ukae kwenye kitenge chako, unyweshe maji ya magadi kama ulivyokuwa ukifanya. Udongo ukikauka mwite aone ule weupe, kisha umuulize nani aliingia. Jumuiya ikifika, wewe mwenyewe useme mbele ya wale wote waliosikia habari hii: niliyeharibu maua ni mimi. Usiseme "ilitokea". Sema mimi. Wewe ni mtu wa rozari, amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo unaijua kuliko mimi. Na ule mlango uliushika ukiwa na wageni gani, mama?

Hayo ya makopo yanaweza kungoja. Majani mapya yatachelewa, mengine hayatatoka kabisa, na usithubutu kungoja yapone ndipo umtafute jirani yako. Usimtume mtu, wala usimngoje arudi njia ya chini. Gazeti hili ukilisoma asubuhi, likunje, vaa viatu, panda wewe njia ya juu ukutane naye. Alikuuliza swali ukamjibu uongo. Mjibu upya.