Simu Itakayosikika Huku Mlimani

Mjukuu wangu Nakijwa,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na migomba imezaa vizuri.

Umeuliza unitumie simu ipi kati ya hizo mbili za bei nafuu, ukasifia kamera tu. Nimekasirika. Ujanani nilinunua redio Same mjini. Dukani iliimba, huku Ugweno ikakoroma tu. Nilipoirudisha, muuzaji akanijibu, "Redio nzima, kijana. Milima yenu ndiyo mibovu." Jibu hilo linanichoma mpaka leo, maana nami nilikuwa nimeuliza rangi tu.

Wewe umezaliwa huku, unajua tunavyopanda hadi makaburini kutafuta mtandao. Uliza ipi inakamata mtandao. Sura yako naikumbuka bila kamera. Sauti yako ndiyo inayonipotea.

Babu yako