Kucha za Elia

Guangzhou, Jumapili

Mdogo wangu Zakaria,

Kosa la watu wengi wanapotazama besiboli ni kudhani kwamba mrushaji humshinda mpigaji kwa nguvu ya mkono. Wewe umeongeza kosa lako juu ya hilo, na ndilo lililonikalisha kuandika nikiwa na hasira. Lakini kwanza, hamjambo hapo Iringa? Miguu ya mama imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima. Mengine utayasoma.

Nilitaka kukueleza haya kwa simu, ukanikatia. Sikutegemea kukatiwa simu na mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Barua hii anakuletea Mama Neema, yule mfanyabiashara wa nguo wa mtaani kwenu, anayeruka kesho. Kaa chini uisome yote.

Katika besiboli mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwenzake mwenye gongo anangoja kuupiga. Warushaji wengi huuzungusha mpira unapotoka mkononi, na mzunguko huo ndio unaoupinda njiani. Mpigaji mzoefu huusoma mzunguko, akajua utafika wapi. Wapo wachache wanaofanya kinyume: hawauzungushi kabisa. Huushika kwa ncha za kucha, wakausukuma bila kukunja kifundo cha mkono. Mpira huenda polepole, na kwa kuwa hauzunguki, hewa hukamata mshono wake mara upande huu, mara upande ule, nao unayumba. Mpigaji hajui utaangukia wapi. Mrushaji mwenyewe hajui. Bosco, Mkongo anayemdakia mwanao Elia mipira anayorusha, huniambia, "Mwalimu, ile mupira ya Elia imelewa. Ikitoka kwake inajua njia, ikifika kwangu imesahau."

Sasa zingatia hapa. Bila kucha, mpira huo haupo. Nyama ya kidole hunata kwenye ngozi ya mpira na kuuzungusha kidogo, na mpira wa polepole unaozunguka kidogo ni zawadi kwa mwenye gongo. Ndiyo maana mwanao alifuga kucha za vidole viwili, akawa anazipiga tupa kila asubuhi na kuzipaka dawa inayong'aa ili zisipasuke. Alifundishwa na Mzee Lin, muuza vifungo wa soko la Sanyuanli aliyecheza mchezo huu ujanani kwao Taiwan. Kila Jumapili baada ya ibada walikuwa uwanjani, mvua au jua.

Wewe hukuuliza lolote. Uliona picha, kucha zinang'aa, ukaitisha kikao cha ukoo. Halafu ukampigia. Tulikuwa tumekaa mgahawani, mtaa wa Dengfeng, na sauti yako ilitoka kwenye simu hadi meza ya jirani.

"Umekwenda China kutafuta maisha au kuwa mwanamke?"

"Baba, ni za mchezo."

"Mchezo gani wa kupaka rangi? Zikate. Usipozikata, usiniite baba."

Nilimwambia asubiri nizungumze nawe. Akanijibu kwa adabu, "Baba mkubwa, wewe ni baba mkubwa. Yule ni baba." Jioni ile ile akazikata.

Ungeuliza, ungeambiwa kwamba mwenye kiwanda kimoja cha glavu alikuwa anatafuta mrushaji wa timu ya wafanyakazi wake. Akiridhika, angemwajiri Elia, na ajira ndiyo ingempa kibali cha kukaa. Hukai hapa siku hizi bila kibali. Polisi wanasimama barabara ya Huanshi, chini ya daraja la waenda kwa miguu, wanadai pasipoti. Ambaye siku zake zimepita anaondoka nao. Wakala aliyekuwa akituongezea viza sasa anaturudishia pasipoti na neno moja tu, "Meiyou", hakuna. Watu wanafuata mzigo kwa kuchungulia kama wezi. Viza ya mwanao inakwisha mwisho wa mwezi ujao.

Jana alijaribiwa. Vijana wa kiwanda waliupiga ule mpira wake kama watu wanaokung'uta mazulia. Mmoja akasema kitu, wote wakacheka. Mzee Lin hakutaka kunitafsiria, Bosco akanitafsiria: "Anasema kesho atamuleta bibi yake, naye apige." Lin akaenda akaushika mkono wa Elia, akautazama.

"Kucha ziko wapi?"

"Nimekata."

"Nani kasema ukate?"

"Baba yangu."

"Baba yako anajua besiboli?"

Elia akaenda kuokota mipira. Hakukusema vibaya hata kwa neno moja, mbele ya watu waliokuwa wanamcheka kwa sababu yako. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, mimi niliyevumilia madarasa ya watoto watukutu miaka yote ile.

Wewe mwenyewe, Zakaria, ulifuga ukucha wa kidole gumba ulipokuwa ukipiga gitaa kwaya ya vijana. Mrefu, umechongoka, na uliupaka gundi usivunjike. Baba yetu alikaa benchi la mbele akausikiliza. Hakukuita mwanamke, wala hakuita kikao.

Mzee Lin amembembeleza mwenye kiwanda, naye amekubali kumtazama Elia tena kabla viza haijaisha, akiwa na kucha. Kucha hukua taratibu, lakini za vidole viwili zitatosha zikianza sasa. Haziwezi kuanza. Leo asubuhi nimemkuta dirishani na mkasi, anapunguza hata kile kidogo kilichobaki. Nimemsihi, Lin amemsihi. Anasema mtu aliyemkataza ndiye atakayemruhusu, basi.

Msalimie mama, umwambie mjukuu wake anakula vizuri. Msalimie mkeo, ambaye najua hakuafiki kikao kile, na shemeji yetu fundi seremala, na mchungaji aliyemwombea Elia siku ya kuondoka. Anayekuandikia ni kaka yako mkubwa, Yohana, na hasira yangu haijaisha.

Leo hii, kabla hujala, mpigie Elia simu umwambie afuge kucha zake.